Mkono wa Kushoto Watoto, Mkono wa Kulia Vyeti

Kibanda changu nimekipanga hivyo tangu zamani: mkono wa kushoto watoto, mkono wa kulia vyeti. Watoto ni wa plasta, urefu wa kidole, wengine wamevishwa nepi, wengine wamelala kwenye vikapu. Vyeti ni karatasi ndogo kuliko karata: shahada za udaktari, uanasheria na uhandisi, mikataba ya kazi yenye muhuri, pasipoti, vyeti vya ndoa na, kwa wanaovitaka, vya talaka. Katikati naweka nyumba, magari na vigunia vya mchele, kwa sababu hivyo havigombanishi watu.

Anayetaka kitu kikubwa hununua kidogo chake. Siku ya Alasitas, sikukuu yetu ya vitu vidogo, mwezi wa Januari, kengele za kanisa kuu la La Paz zikilia saa sita mchana, kila mtu hukimbilia mwenye chetezo afukiziwe alichoshika na kunyunyiziwa pombe na maua. Nyumba na gari unaweza kujinunulia mwenyewe. Mtoto, cheti na kazi lazima upewe na mtu mwingine, kwa mkono wake, la sivyo umenunua plasta na karatasi tu. Watu huniuliza kama vinaleta kweli. Mimi natengeneza, sitimizi. Tena nauza, sitoi. Muuzaji akianza kugawa, watoto wake wa nyama watakula nini?

Norka Quisbert nimemjua tangu akibebwa mgongoni. Mama yake, Tomasa, alikuwa shoga yangu. Aliuza viazi sokoni kwetu El Alto, hakujua kusoma hata jina lake, na kila Alasitas alinunua kwangu kitu kimoja tu, shahada ya uhandisi, akampa binti yake. Nilikuwa namtania.

"Tomasa, mchukulie na mtoto basi. Nakupunguzia bei."

"Mtoto? Watoto huja wenyewe, hata ukifunga mlango wanapita dirishani. Shahada ndiyo haiji yenyewe."

Tomasa alifariki wiki chache baada ya mahafali ya Norka. Aliiona shahada yenyewe, kubwa, akaishika juu chini, akasema ni nzuri.

Norka akawa mhandisi wa maji. Kazi yake ni mabwawa ya juu milimani, karibu na barafu, yale yanayotunywesha sisi wote. Aliolewa akiwa na miaka thelathini na mbili na Limber Tancara, fundi wa kutarizi mavazi ya ngoma. Basi mtaani wakapata la kusema: mume yuko ndani karibu na jiko anashona shanga, mke yuko nje na mabuti anapima matope. Wao wenyewe walikuwa wanapatana. Limber ni mpole, mpole kupita kiasi kwa maoni yangu, lakini hakuna aliyeniuliza.

Miaka sita ikapita bila mtoto. Madaktari waliwapima wote wawili. Limber alirudi na sura ya mtu aliyefaulu mtihani. Kwa Norka hawakuona kasoro. Walisema tu kwamba miaka imesogea, kwamba angeanza mapema ingekuwa rahisi zaidi. Hilo ni kweli na sina sababu ya kulificha. Miaka ya masomo ni miaka, na mwili haungoji mtu amalize mitihani.

Lakini mama mkwe wake, Doña Saturnina, hakuishia hapo. Yeye alikuwa na elimu yake. Kwanza, vitabu hupandisha damu kichwani, tumboni haibaki ya kulea kitu. Pili, baridi ya mabwawa imemwingia Norka kwenye mfuko wa uzazi ikatulia humo, na haitatoka mpaka aache kazi. Alimfukiza kwa mvuke wa majani, akampeleka kwa mama wa kukanda tumbo, akamfunga mkanda wa sufu ambao Norka aliuvaa chini ya koti la kazi na kuwashwa mlimani kutwa nzima. Norka alivumilia yote. Alimtaka mtoto kuliko huyo mama mkwe alivyotaka mjukuu, na hilo Saturnina hakuliona kamwe.

Kilichokuwa kinanichekesha ni ndugu wa mume. Kwetu mtoto hanyolewi mpaka apatikane mama mlezi wa kushika mkasi wa kwanza, na mama huyo hatarajiwi kuja mikono mitupu. Waliokuwa wananong'ona kwamba mshahara umemkausha Norka ndio hao hao waliompelekea watoto wao wenye misuko mirefu, wakampigia magoti. Amenyoa nusu ya ukoo wa Tancara. Watoto wote wanamwita mama, kisha jioni wanarudi kwao.

Na nyumbani kwa Saturnina, jikoni, alikuwapo Justa.

Justa ni binti yake wa kuzaa, dada mkubwa wa Limber. Alitolewa shule akiwa darasa la tatu ili achunge kondoo wa bibi yake. Aliolewa akiwa na miaka kumi na saba. Hakuwahi kugusa kitabu wala kukanyaga bwawa, tumbo lake lilikaa karibu na moto mchana na usiku, na hakupata hata mimba ya kuharibika. Mwaka wa nne mumewe alimrudisha kwa wazazi na kifurushi kimoja cha nguo, tangu hapo anamenya viazi. Kila Alasitas mama yake alimnunulia kwangu jogoo wa bati, maana jogoo huleta mume. Mtoto hakuwahi kumnunulia. Miaka yote nilimwona Justa nyuma ya mama yake akibeba mizigo, na ningeulizwa sauti yake ikoje nisingejua.

Jumapili moja kabla ya sikukuu Norka alikuja kwangu kunisaidia kupaka rangi, kama alivyofanya utotoni. Alikuwa anawatia watoto midomo kwa brashi nyembamba. Mkono wake ni mzuri, hautetemeki.

"Doña Eula, naacha kazi," alisema bila kuinua macho.

"Nani kakufukuza?"

"Hakuna. Wamenipandisha cheo."

"Wamekupandisha, nawe unaacha. Ndiyo hesabu mliyofundishwa chuo kikuu hiyo?"

Alicheka kidogo, kisha akanieleza. Kuna bwawa jipya linajengwa, yeye ndiye atakuwa msimamizi. Atalala mlimani, atashuka Jumamosi. Saturnina aliposikia alisema basi. Alasitas hii atampa Norka mtoto kwa mara ya mwisho. Akimpokea, aage kazini, akae nyumbani tumbo lipate joto. Akitaka bwawa, Limber atatafutiwa mke mwingine angali na nguvu zake.

"Na Limber anasemaje?"

"Limber anatunga uzi kwenye sindano."

"Bado tu?"

"Sindano ya Limber ina tundu dogo sana, Doña Eula."

Tukacheka wote wawili, cheko baya. Nikamuuliza kama yeye mwenyewe anaamini kwamba kazi ndiyo iliyomzuia.

"Siamini. Najua mwili unavyofanya kazi." Alimweka mtoto mmoja juani akauke, akachukua mwingine. "Lakini nimejaribu kila kitu isipokuwa hicho. Sindano nimechomwa, majani nimefukizwa, mkanda nimevaa. Nikizeeka nataka niweze kusema hakuna nilichobakiza. Nikibakiza kimoja, hicho hicho ndicho kitakachoninyima usingizi."

"Ukiacha na mtoto asije?"

"Basi sitakuwa na chochote," alisema. "Nimeshalifikiria."

Nilitaka kumwambia asiwe mjinga. Nilitaka kumwambia kwamba mama yake aliuza viazi kwenye mvua ya mawe kwa ajili ya kile anachotaka kukitupa. Sikusema. Tumbo ni lake na kazi ni yake, na mimi huwa siingii kati ya mtu na anachokitaka. Alipoondoka niliwaangalia watoto aliowapaka. Wote walikuwa wanatabasamu, jambo ambalo sikuwa nimemwagiza.

Siku ya Alasitas mvua ilianza asubuhi. Watu walikuwa wamejaa hadi barabarani, harufu ya ubani na ya maandazi ya mafuta imechanganyika, na mimi nimefunika vyeti vyangu kwa plastiki. Kengele zilikuwa karibu kulia nilipomwona Saturnina anakuja, kofia yake nyeusi imenyooka kichwani, amewapita watu kama amepewa njia na serikali. Nyuma yake Limber amemshikia Norka mwavuli. Nyuma yao Justa, amelowa, amebeba mfuko wa kila mtu.

"Doña Eula, nipe mtoto mnene," Saturnina akasema. "Yule wa mwaka jana alikuwa na njaa."

"Wote nawalisha plasta ile ile."

"Basi mwaka huu umewapunja. Yule pale, mwenye mashavu. Na jogoo wa huyu wangu. Na talaka moja."

"Mama!" Limber akasema.

"Wewe shika mwavuli."

Nilimpa vyote. Sikupenda kumpa ile talaka, lakini niliitengeneza iuzwe. Aliikunja akaitia kifuani. Jogoo akamwachia Justa mkononi bila kumtazama, kisha akamgeukia Norka na yule mtoto.

"Mkwe wangu, sina ugomvi nawe. Kupika unajua, heshima unayo. Haya, huyu hapa. Mpokee, na mbele ya Doña Eula useme: Jumatatu naaga kazini."

Norka alinyoosha mikono yote miwili, viganja juu, kama wanavyopokea kanisani. Akampokea mtoto, akafungua mdomo aseme, na nilijua atasema, kwa sababu Norka akiamua jambo harudi nyuma.

Justa akatua mfuko chini. Akamweka jogoo juu ya meza yangu, akapitisha mkono chini ya plastiki, upande wa kulia, akatoa mkataba wa kazi. Kisha akafungua fundo la sketi yake, akanilipa.

"Justa! Hela umetoa wapi?" mama yake akauliza.

"Ya sabuni."

"Rudisha hiyo karatasi. Tutafulia nini?"

"Maji, mama."

Akamfuata Norka, akauweka mkataba juu ya kiganja, kando ya mtoto. Sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa, ya chini, kama anamwelekeza mtu dukani.

"Wifi, pokea na hii. Usiage mtu."

"Justa, usiniingilie," Norka akamwambia. "Hujui nilivyo."

"Nani hajui? Mimi? Wifi, tumbo lako na langu ni ndugu. Wewe umesoma, mimi sikusoma. Wewe umepigwa baridi, mimi nimepigwa moshi. Sote wawili hamna kitu. Mimi nilirudishwa mwaka wa nne. Wewe umemaliza wa sita na bado unashikiwa mwavuli. Umewahi kujiuliza kwa nini?"

Limber aliutazama mwavuli kama ndiyo kwanza auone.

"Hawakunirudisha kwa sababu sikuzaa," Justa akasema. "Walinirudisha kwa sababu ilikuwa rahisi. Kifurushi kimoja. Hata mbwa hakubweka. Wewe mtu akitaka kukutoa, inabidi akae chini afikiri. Ukiacha kazi unakuwa mimi. Na mimi jiko la mama nalijua, halina nafasi ya wawili."

"Nani kasema atarudishwa?" Saturnina alipandisha sauti. "Nani kalitamka hilo? Mimi nataka mjukuu tu! Dhambi hiyo?"

"Talaka iko kifuani mwako, mama."

Hapo kengele zikalia.

Anayejua saa ile anajua kwamba hakuna ugomvi unaoweza kuishinda. Watu walisukumana, wakainua nyumba na magari yao juu, moshi ukajaa kote. Mwenye chetezo wa jirani yangu, mzee mmoja asiye na subira, alifika mbele ya Norka akikohoa.

"Haraka, mwanangu. Una nini? Mtoto na kazi. Kipi kwanza?"

Huwa wanauliza hivyo, kwa sababu kinachofukizwa kwanza ndicho kinachopewa nguvu. Norka alimtazama mama mkwe wake, kisha Justa. Maji yalikuwa yanamtiririka usoni na sidhani yote yalikuwa ya mvua.

"Vyote kwa pamoja," akasema.

"Havifanywi hivyo."

"Nifanyie hivyo hivyo, baba. Usivitenganishe."

Mzee akanung'unika, akavifukiza pamoja, akanyunyiza pombe na maua juu ya viganja vyake. Limber alisogea, akaupeleka mwavuli mpaka ukawafunika Norka na dada yake, yeye akabaki kwenye mvua. Hicho ndicho Limber alichofanya siku ile, na kwa Limber ni kingi. Saturnina alikuwa na mkono kifuani, pale alipoiweka ile talaka. Nilimwangalia muda wote kengele zilipokuwa zinalia. Mkono haukutoka.

Alasiri, mvua imekatika, nilikuwa naanza kufunga mizigo niliposikia mtu anakohoa. Saturnina alikuwa peke yake, kofia imelegea kwa maji. Akaweka talaka juu ya meza.

"Nibadilishie."

"Sibadilishi, Doña Saturnina. Unanijua."

"Nakujua, ubahili wako ni wa kuandikwa gazetini." Hakuondoka. Macho yake yalikuwa upande wa kulia, kwenye mikataba. "Nataka moja ya hizo. Ya Justa."

"Justa?"

"Kwani nina Justa wangapi?" Akajifuta pua kwa ncha ya shali. "Aliporudi na kile kifurushi, nilimwambia weka hapo, viazi viko kwenye gunia. Ndilo neno nililomwambia. Nilikuwa naogopa majirani. Ana miaka thelathini na minane, na kila mwaka nampa jogoo."

Jogoo mwenyewe alikuwa bado juu ya meza, pale Justa alipomwacha.

"Kengele zimeshalia," nikamwambia. "Cha sasa hivi hakina nguvu."

"Najua. Nipe hivyo hivyo."

Nilimpa. Sikupokea hela, wala ile talaka sikuirudisha upande wa kulia. Niliichana nikaitia mfukoni mwa aproni. Mimi nauza, sitoi, na siku ile nilitoa, kwa sababu mwanamke yule alikuwa ananiudhi tangu ujana wetu na sikutaka tena kumwona amesimama hivyo.

Yaliyofuata ni mafupi. Norka alichukua usimamizi wa bwawa. Mtoto hakuja mwaka ule. Kuna Jumamosi alishuka mlimani akaja kukaa kibandani kwangu, akalia bila kuficha, kisha akanawa uso akaniuliza bei ya viazi. Hakuna bwawa linaloziba pengo hilo, na yeyote anayesema kazi humsahaulisha mtu hajakaa naye Jumamosi. Lakini Jumatatu alikuwa na pa kwenda, na watu hamsini walikuwa wanamngoja awaambie waanzie wapi. Mwezi wa Machi walihitaji mpishi kule kambini, na Justa akapanda naye. Anapikia wafanyakazi, anavaa mabuti, mashavu yamemwiva kwa baridi. Jioni Norka humfundisha kusoma. Nasikia anabishana na kila herufi.

Saturnina hajabadilika mdomo. Bado anasema baridi ndiyo chanzo, bado anatuma mikanda ya sufu kambini, ila sasa hutuma miwili.

Januari iliyofuata alifika kibandani asubuhi na mapema, kabla sijamaliza kupanga, saa nyingi kabla ya kengele. Akachagua mikataba miwili. Kisha akaenda upande wa kushoto, akawainua watoto mmoja mmoja kuwatazama mashavu, akachukua wawili.

"Wawili?" nikamuuliza. "Norka unamtakia mapacha?"

"Mmoja wa Norka," akasema. "Mmoja wa Justa. Huyo sijawahi kumpa."

Nikamfungia kwenye gazeti, mtoto na mkataba, mtoto na mkataba, mafurushi mawili yaliyolingana. Akalipa kila kitu, hakuomba nipunguze, akaenda kusimama karibu na mwenye chetezo kuwangoja washuke mlimani.